Papa mwenye shilingi mgongoni na picha inayomtambulisha

Kati ya Oktoba na Machi, katika maji ya Kilindoni kisiwani Mafia, si ajabu kuona boti imezima injini na watu wakiteremka majini na kamera mkononi. Chini yao anapita samaki wa mita 6 au 7, mgongo umejaa madoa meupe. Wenyeji wanamwita potwe. Upande wa pwani ya Kenya ni papa shilingi, na husimuliwa kwamba Mungu alipendezwa naye hata akawaagiza malaika wamrushie shilingi za fedha mgongoni.

Hadithi hiyo inatosha kumfanya mtoto aulize swali, na jibu lake ni tamu kama hadithi yenyewe: hakuna potwe wawili wenye shilingi zilizopangwa sawasawa. Ni kama alama za vidole vya binadamu. Ndiyo maana picha iliyopigwa chini ya maji, hata na mtalii asiye mtaalamu, inaweza kumtambua samaki mmoja kati ya mamia.

Kinachotakiwa ni picha ya ubavu, hasa wa kushoto, nyuma ya matamvua na juu ya pezi. Kompyuta huunganisha madoa matatu matatu kuwa pembetatu, kisha hutafuta pembetatu zinazofanana katika picha za zamani. Mbinu hiyo ilitoka kwa wanaanga, waliokuwa wakiitumia kulinganisha ramani za nyota. Mwaka 2005 Zaven Arzoumanian, Jason Holmberg na Brad Norman walichapisha maelezo ya namna ya kuitumia kwa papa hawa, na leo picha kutoka bahari mbalimbali duniani huwekwa katika kumbukumbu moja. Picha isiyo na tarehe wala mahali haina kazi kubwa hapo, hata ingependeza vipi.

Mzazi atakayefurahi zaidi ni yule mwenye vijana nyumbani, kwa sababu potwe wengi wanaoonekana Mafia ni madume ambao bado hawajapevuka. Mama zao hawaonekani kirahisi, na wanakozaliwa bado ni fumbo kwa wanasayansi.

Msimu ukiisha, samaki hao walikuwa wakipotea machoni, ikadhaniwa wamehama. Hapo kamera ilifika mwisho wa uwezo wake, kwani haiwezi kupiga picha ya asiyeonekana. Watafiti wakawafunga baadhi yao vifaa vidogo vinavyotoa mlio na kuweka vinasa mlio baharini. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionyesha kwamba wengi hawakuwa wamekwenda popote. Walibaki karibu na kisiwa, mbali kidogo na ufukwe.

Kumbe ni wakazi. Na mkazi huathiriwa na kila kinachofanyika mtaani kwake. Potwe hula viumbe wadogo wanaoelea pamoja na dagaa, na dagaa hao hao ni kitoweo cha familia nyingi. Wavuvi wa ringineti wakiona potwe hujua samaki wapo, hutupa wavu, na mara nyingine potwe hunaswa ndani. Tangu 2016 yupo katika orodha ya kimataifa ya viumbe walio hatarini kutoweka. Mvuvi anayemfungulia wavu atoke salama anaweza kupoteza samaki wa siku hiyo, na watoto wake nao wanasubiri kula. Jambo hilo linastahili kuelezwa mtoto wa mjini pia, asije akadhani uhifadhi ni mzozo wa watu wabaya na samaki wazuri.

Kamera nayo ina makosa yake. Watu hukimbilia kichwa cha samaki, humshika, humziba njia, ilimradi wapate picha ya kutuma. Ningaloo, Australia Magharibi, waogeleaji wanatakiwa kukaa angalau mita 3 kutoka mwilini na mita 4 kutoka mkiani, wasizidi 10 kwa wakati mmoja, na mwanga wa kamera umepigwa marufuku. Potwe haumi watu, lakini pigo la mkia wake si mchezo.

Watoto walio mbali na bahari hawajakosa kitu. Mzazi anaweza kutafuta kwenye simu picha mbili za ubavu wa papa huyu, akampa mtoto karatasi na kalamu achore madoa kama nukta, kisha aamue kama ni samaki mmoja au wawili. Ni vigumu kuliko inavyosikika, hata kwa watu wazima. Mtoto akiuliza kwa nini picha nyingi za baharini ni za buluu, aelezwe kwamba maji hunyonya rangi nyekundu kwanza. Na akiletewa picha ya ajabu kwenye kundi la WhatsApp, azoee kuuliza: ilipigwa wapi, na lini?

Kwa familia itakayofika Kilindoni msimu ukianza, mtoto avae jaketi okozi kabla boti haijaondoka. Asiyejua kuogelea abaki botini. Potwe akila hupanda juu, na mgongo wake huonekana vizuri tu kutoka pale.