Ukibadili Mandhari ya Tovuti, Mpangilio Wako Hubaki Wapi?

Mwenye tovuti ya WordPress akibadili mandhari, aghalabu hukuta nembo haipo, rangi zimegeuka na menyu imehama, akadhani kazi yake yote imefutika. Haijafutika. Marekebisho ya namna hiyo huandikwa katika hifadhidata chini ya jina la mandhari iliyokuwa ikitumika; irudishe ile ya zamani, na mengi yatarejea yalivyokuwa. Hata CSS ya ziada, ambayo tangu toleo la 4.7 la mwaka 2016 mtu huiandika bila kugusa faili, hufungwa kwa jina la mandhari moja. Makala na picha hazitikisiki, kwa kuwa hazikuwahi kusajiliwa kwa jina la mandhari yoyote. Hapo ndipo nionapo kiini cha jambo: kinachostahili kudumu kisiwekwe mikononi mwa mandhari tangu mwanzo.

Wapo watakaouliza kwa nini WordPress isihamishe kila kitu yenyewe. Imejaribu: toleo la 4.9 la mwaka 2017 liliboresha namna menyu na wijeti zinavyotafutiwa nafasi inayolingana katika mandhari mpya. Lakini mandhari yenye safu tatu chini ya ukurasa ikifuatwa na isiyo na hata moja, hakuna kanuni itakayojua vilivyokuwamo viende wapi. Mandhari za vitalu, zilizokuja na toleo la 5.9 mwaka 2022, zilipunguza tabu hiyo, ila violezo unavyovirekebisha bado hubaki na mandhari yake. Ruwaza ulizohifadhi mwenyewe ndizo zinazosafiri, kwa hiyo ni busara sehemu za juu na chini ya ukurasa ziundwe kwa ruwaza, na msimbo wa kazi maalumu uwekwe katika programu-jalizi. Kunakili mipangilio ndani ya hifadhidata kutoka jina moja hadi jingine hufaa ukihamia mandhari-tanzu ya mandhari ileile. Kwingineko, mandhari mpya haisomi mipangilio isiyoijua.

Kusema basi tusibadili kabisa ni hatari zaidi. Mandhari iliyoachwa na walioitengeneza haizibwi mianya ya usalama, na PHP mpya huweza kuivunja. Ibadilishe, lakini kwanza katika nakala ya majaribio, huku ukikagua CSS mstari kwa mstari, maana majina ya sehemu za ukurasa inazozilenga huenda hayamo tena.