Darubini inapoingia ukungu: Fundi ni nani, na gharama ni ya nani?

Ndege wa kinamasi cha Dunga, nje kidogo ya mji wa Kisumu, hulia kwa wingi asubuhi kabla jua halijawa kali. Mgeni aliyesafiri kutoka mbali kuja kumwona ndege mweusi mwenye kifua chekundu na utosi wa manjano, yule ambaye wanasayansi humwita Laniarius mufumbiri, aghalabu hupata sekunde chache tu kabla kiumbe huyo hajatoweka tena ndani ya mafunjo. Mwelekezi anainua darubini kwa haraka, na badala ya ndege anaona wingu jeupe.

Siku imeharibika. Mgeni amekwisha kulipia mashua na hatarudi kesho. Mwelekezi naye ameshika mkononi chombo ambacho huenda kilimgharimu akiba ya miezi mingi, na ambacho hajui ampelekee nani. Fundi wa redio? Fundi wa saa? Duka lililomuuzia? Au kiwanda kilicho ng'ambo ya bahari?

Katika nchi nyingine maswali haya huulizwa zaidi na wawindaji, ambao darubini zao hufungwa juu ya bunduki. Hapa Kenya uwindaji wa wanyamapori ulipigwa marufuku mwaka 1977, ilhali jirani zetu wa Tanzania wangali wanauruhusu kwa leseni. Kwa hiyo katika ufuo wetu wa ziwa, anayeumia darubini inapoharibika si mwindaji bali ni mwelekezi wa watalii, mtafiti wa ndege na mpiga doria wa hifadhi. Hata hivyo vyombo hivi viwili ni ndugu. Vyote ni mabomba yaliyozibwa, yenye lenzi ndani yake, na vyote huugua maradhi yaleyale. Kampuni kadhaa hutengeneza vyote viwili na kuvihudumia.

Tatizo la kwanza, naamini, limo katika lugha. Sisi tunaozungumza Kiswahili huita "ukungu" ile hali ya hewa inayofunika ziwa alfajiri, na neno hilohilo tunalitumia kwa kile kinachoota juu ya mkate uliosahauliwa kabatini. Mtu akisema darubini yake imeingia ukungu, hatujui amepatwa na lipi kati ya mawili. Tofauti ni kubwa. Moja ni mvuke ulioganda, jingine ni kuvu, kiumbe hai kinachokula.

Tuanze na mvuke. Ukitoka kwenye chumba chenye baridi na kuingia katika hewa ya ziwani yenye unyevu, lenzi za nje zitafunikwa na umande. Hiyo si hitilafu. Subiri dakika chache, au upanguse kwa kitambaa laini, na mambo yatarejea kama kawaida. Hitilafu ni pale umande unapoonekana ndani, mahali ambapo kitambaa hakifiki. Darubini bora huondolewa hewa ya kawaida kiwandani na kujazwa gesi kavu, aghalabu naitrojeni, kisha huzibwa kwa pete za mpira. Madhali gesi hiyo imo, hakuna mvuke wa kuganda. Ukiona umande ndani, jua kwamba pete imechoka au chombo kimepigwa mahali, gesi imetoka na hewa ya ziwa imeingia. Kuianika juani kunaweza kuondoa umande wa leo, lakini hakuzibi tundu. Kesho utaukuta tena.

Darubini za bei nafuu hazikujazwa gesi yoyote tangu mwanzo. Maandishi ya kwenye boksi yanayosema chombo "kinastahimili maji" yasikuhadaye. Kustahimili manyunyu ni jambo moja, na kuzibwa kabisa kwa gesi ni jambo lingine. Muulize mwenye duka kabla hujalipa, na jibu lake liandikwe kwenye risiti.

Kuvu ndiyo hatari zaidi. Huanza kama uzi mwembamba, mfano wa utando wa buibui, kwenye ukingo wa lenzi. Hustawi gizani, penye joto na unyevu, na hula vumbi na mafuta ya vidole yaliyosalia juu ya kioo. Kadiri inavyokua, hutoa tindikali inayotafuna ule utando mwembamba uliopakwa juu ya lenzi ili ipitishe mwanga vizuri, na hatimaye hutafuna kioo chenyewe. Fundi akiiwahi mapema ataiosha na isiache alama. Ikichelewa, hata kiwanda hakina dawa isipokuwa kubadilisha lenzi, na gharama yake yaweza kukaribia bei ya chombo kipya. Kuichunguza ni rahisi: shika darubini kinyume, umulike tochi upande mmoja na kutazama kutoka upande wa pili kwa pembe. Nyuzi zikiwapo zitang'aa.

Ufuo wa Ziwa Victoria una kila kitu ambacho kuvu inapenda. Joto halipungui sana usiku, mvua za alasiri hunyesha miezi mingi ya mwaka, na wengi wetu hufunga darubini ndani ya mkoba wa ngozi mara tu baada ya kutoka mashuani, ikiwa bado na majimaji. Mkoba wa ngozi ni mzuri kwa macho, lakini hushika unyevu kama sifongo.

Maradhi ya tatu hayaonekani kwa tochi. Darubini ya macho mawili ni mabomba mawili yanayopaswa kutazama mahali pamoja barabara. Ikianguka kutoka kwenye pikipiki, au ikigongwa na ubavu wa mashua, prizimu iliyomo ndani husogea kidogo na bomba moja likawa linatazama juu kuliko lenzake. Ubongo hujitahidi kuunganisha picha hizo mbili, na mtumiaji hupata maumivu ya kichwa bila kujua sababu. Ili kupima, tazama mstari mlalo ulio mbali, kama vile paa la bati ng'ambo ya ghuba, kisha uisogeze darubini polepole mbali na macho kwa upana wa vidole kadhaa. Mstari ukiwa juu katika duara moja na chini katika jingine, chombo kimepinda. Kwa upande wa bunduki dalili ni tofauti: alama ya shabaha huhama kila risasi inapolia, na mpigaji hukosa pale alipokuwa akilenga jana.

Nakiri kwamba somo hili nililipata kwa kulipia. Miaka iliyopita niliona nyuzi katika darubini yangu nikampelekea fundi wa saa, mzee mwenye mikono mitulivu kuliko yangu. Aliiosha vizuri mno. Nyuzi ziliondoka kabisa, na badala yake nikawa naona mashua mbili palipo na moja. Hakuwa na kosa. Kazi ya kuoanisha mabomba huhitaji mtambo maalumu ambao hakuna fundi wa saa anayeumiliki. Nilipowaandikia watengenezaji, jibu lilikuwa fupi: chombo kimekwisha kufunguliwa na mtu asiyeidhinishwa, dhamana imekufa.

Basi ni kazi gani apewe fundi wa mtaani? Mkanda uliokatika, raba ya jicho iliyochanika, skrubu ya nje iliyolegea. Kila kitu kinachohitaji kufungua bomba kiachiwe kiwanda, maadamu dhamana ingali hai.

Dhamana zenyewe hazilingani. Kampuni ya Vortex ya Marekani, kwa mfano, huahidi kutengeneza au kubadilisha chombo chake bila kudai risiti na bila kujali nani alikinunua kwanza, isipokuwa kikipotea, kikiibwa, au kikiharibiwa kwa makusudi. Leupold, pia ya Marekani, ina ahadi ya maisha kwa darubini zake za bunduki. Watengenezaji wengine huweka muda maalumu wa miaka, hudai risiti, na huitambua dhamana katika nchi ambako bidhaa iliuzwa tu. Ahadi nono ya kwenye tovuti yaweza kuwa ya mnunuzi wa Marekani peke yake, ilhali mnunuzi wa nchi nyingine huelekezwa kwa wakala. Kwa sababu hiyo, darubini iliyoletwa na jamaa kutoka ughaibuni kwa bei nzuri mara nyingi huja bila dhamana inayofanya kazi Kisumu.

Hata hivyo mtengenezaji si mlango wa pekee. Kifungu cha 46 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa mtumiaji haki ya kupata bidhaa zenye ubora unaofaa, na ya kufidiwa hasara inayotokana na kasoro. Sheria ya Kulinda Watumiaji Bidhaa ya mwaka 2012 inamchukulia muuzaji kuwa ametoa dhamana ya ubora hata kama hakusema neno. Maana yake ni kwamba darubini mpya inayoingia mvuke katika wiki ya tatu ni jukumu la aliyekuuzia, na hawezi kukuambia tu uiandikie Japani. Akikataa, Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2016, husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, na hakuna ulazima wa kuwa na wakili. Bila risiti, lakini, utakuwa na maneno matupu.

Ikibidi chombo kisafiri, kazi kubwa iko kwenye forodha. Wengi hutuma darubini posta, inatengenezwa bila malipo, kisha inaporudi hudaiwa ushuru na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16 kana kwamba ni mali mpya. Sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inatambua bidhaa iliyotoka kwa ajili ya matengenezo ikarudi, ila ni sharti maafisa wa forodha waione na kuiandikisha kabla haijaondoka. Piga picha ya nambari iliyochongwa kwenye chombo, na uambatanishe barua inayoeleza hitilafu pamoja na mawasiliano yako na kiwanda. Pana mtego mmoja zaidi: kampuni ikiamua kukupa darubini nyingine badala ya kuitengeneza ya zamani, nambari hazitafanana. Waombe barua inayosema kwamba hii ni badala ya ile chini ya dhamana, na ije ndani ya kifurushi.

Mwenye darubini ya bunduki ana mzigo mzito zaidi. Marekani huhesabu vifaa hivyo miongoni mwa bidhaa zinazodhibitiwa zinapotoka nchini humo, na kifurushi chaweza kukwama kwa kukosa kibali. Asitume chochote kabla ya kupata maelekezo ya kampuni kwa maandishi.

Wakati huohuo kuna kinga isiyogharimu sana. Ukitoka ziwani, ondoa vifuniko, pangusa majimaji, na uiache darubini penye hewa, mbali na jua kali na kioo cha gari. Ikikauka, iweke ndani ya kopo la plastiki lenye mfuniko unaobana, pamoja na vile vifuko vidogo vya chembechembe vinavyopatikana ndani ya maboksi ya viatu na vyombo vya umeme. Vifuko vikishiba unyevu, badilisha. Mchele, ambao watu hupenda kuushauri, una vumbi la wanga, na vumbi hilo ndilo chakula cha kuvu.