Salme: Mama aliyeandika ili wanawe wamjue

HAMAMU ya Kidichi, iliyojengwa mwaka 1850 kaskazini mashariki ya mji wa Zanzibar, huoneshwa wageni wanaokwenda kutembelea mashamba ya viungo. Sultani Said bin Sultan aliijenga kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi, Schesade. Ndani, kuta zimepambwa kwa chokaa iliyochongwa maua na ndege, kama ilivyo kwao Uajemi.

Bibi huyo alikuwa mgeni Unguja na hakuficha ugeni wake. Alipanda farasi na kwenda kuwinda mchana kweupe, mambo yaliyowashangaza wengi katika jumba la Mtoni. Ndoa haikudumu, naye akarudi kwao.

Habari zake zinajulikana kwa sababu binti mmoja wa Sultani aliziandika. Naye alifanya hivyo akiwa ugenini, Ujerumani. Ni Salme binti Said, na kwa mzazi wa leo kisa chake kina somo kubwa.

Kalamu ya kuiba

Salme alizaliwa Mtoni mwaka 1844. Mama yake, Djilfidan, alikuwa Mcherkesi aliyeletwa kutoka mbali akiwa mtoto. Kwa hiyo Salme alikulia nyumba yenye watu wa mataifa mengi, ambamo Kiarabu, Kiajemi, Kituruki na Kiswahili vilisikika kwa siku moja.

Wakati huo watoto wa kike wa jumba lile walifundishwa kusoma, lakini si kuandika. Salme alijifundisha mwenyewe kwa siri, akinakili herufi za msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia. Ujuzi huo ulimponza mapema. Mwaka 1859, akiwa na miaka 15 tu, aliwaandikia barua ndugu zake waliotaka kumng'oa Sultani Majid. Njama ilishindwa.

Mwaka 1866 aliondoka Unguja kwa meli ya Kiingereza, akiwa na mimba ya mfanyabiashara wa Kijerumani, Heinrich Ruete. Mwaka uliofuata, huko Aden, alibatizwa, akapewa jina la Emily, wakafunga ndoa na kuhamia Hamburg. Mtoto wao wa kwanza alifariki akiwa bado mchanga.

Hamburg walipata watoto watatu: Antonie, Rudolph na Rosalie. Mwaka 1870, kitindamimba akiwa bado ananyonya, Heinrich aligongwa na tramu akafariki. Salme akabaki mjane wa miaka 25 katika nchi yenye baridi, mbali na ndugu, huku urithi wake wa Zanzibar ukiwa hauko mikononi mwake. Alihama mji hadi mji na kufundisha Kiarabu ili mkono uende kinywani.

Mama ni nani?

Kilichomfanya ashike kalamu tena hakikuwa kutafuta jina. Katika utangulizi wa kitabu chake anaeleza kuwa alianza kuwaandikia wanawe miaka tisa kabla ya kitabu kuchapishwa. Wakati ule walichojua juu yake kilikuwa kidogo sana: kwamba mama ni Mwarabu na ametoka Zanzibar. Yeye alikuwa amechoka mwili na roho, na hakutaraji kuishi hadi awaone wakiwa watu wazima. Aliogopa kuondoka kabla hawajamjua.

Ndiyo maana kurasa zake zimejaa mambo ambayo mama yeyote angemsimulia mwanawe: vyumba vya Mtoni, chakula, sikukuu, maradhi, ugomvi wa ndugu, mafunzo ya watoto. Kitabu kilitoka Berlin mwaka 1886 kwa Kijerumani, lugha aliyojifunza ukubwani na ambayo wanawe ndiyo waliyokulia. Angeandika kwa lugha ya utotoni mwake, wao wasingemsoma.

Hata hivyo kuandika hakukumrudishia kila kitu. Alifika Unguja mwaka 1885 na tena 1888, lakini hakupatana na nduguye, Sultani Barghash, wala hakupata urithi alioudai. Baadaye aliishi Jaffa na Beirut kwa miaka mingi. Alifariki Jena, Ujerumani, mwaka 1924.

Kilichobaki kwa watoto

Mwaka 1929 mwanawe Rudolph, aliyekuwa ameongeza jina la Said kwenye jina la ukoo, alichapisha kitabu kuhusu maisha ya babu yake, Said bin Sultan. Hakuwahi kumwona, kwa kuwa Sultani alifariki mwaka 1856, miaka 13 kabla yeye hajazaliwa. Alianza kumjua kupitia kwa mama.

Leo wazazi wengi wa Unguja na Pemba wanalea Muscat, Dubai, London au Toronto. Wengine wapo hapa hapa nyumbani, lakini watoto hawajui bibi alizaliwa wapi wala kwa nini babu alihama shamba. Mzazi hana haja ya kusubiri kitabu. Simu anayosomea habari hii inarekodi sauti. Usiku mmoja kwa wiki, kisa kimoja, kwa lugha ambayo mtoto anaielewa: nani alikulea, mlikula nini, mliogopa nini, mlicheka nini. Salme alianza kwa hayo hayo.