Mwovu Mwenye Kupendeza: Maelezo juu ya Kazi ya Mwigizaji katika Michezo ya Kompyuta, pamoja na Mfano kutoka Ufipa

Shabaha ya makala haya ni kueleza kazi ya mwigizaji anayepewa sehemu ya mtu mwovu, lakini mwovu wa namna ya pekee, ambaye watazamaji humpenda hata wakiwa wanamwogopa. Sehemu za namna hii zilikuwapo katika tamthilia tangu zamani. Wasomaji wa Kiswahili wamezipata kwa tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya mwaka 1963, ambayo ilichapwa upya mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari, na kwa Makbeth ya S. S. Mushi ya mwaka 1968. Lakini siku hizi sehemu hizo zimehamia pia katika michezo ya kompyuta, na huko zimeleta maswali mapya ambayo yanahusu lugha kuliko yanavyohusu mitambo. Maswali hayo ndiyo nitakayojaribu kuyaeleza.

1. Maneno ya kazi hii

Yatupasa kwanza tutengeneze maneno. Zamani mtu aliyetokea jukwaani aliitwa mchezaji, nao mchezo wake uliitwa mchezo wa kuigiza. Katika mchezo wa kompyuta neno hilo haliwezi kutumika hivyo, kwa sababu mchezaji ni yule aketiye mbele ya kioo na kubonyeza vitufe. Kwa hiyo hapana budi tumwachie huyo jina la mchezaji, na yule anayetoa sauti, uso na mwendo wa mwili tumwite mwigizaji. Tusipofanya hivyo, sentensi kama "mchezaji alimwua mchezaji" haitaeleweka na mtu yeyote.

Kuhusu mwovu mwenyewe, vijana wa vibanda vya sinema katika Tanzania wana maneno mawili ya zamani: shujaa wa sinema ni stelingi, na mpinzani wake ni adui. Neno adui lina upungufu kwa haja yetu. Mtu huwa adui wa fulani. Uadui umo katika uhusiano wa watu wawili, na mara nyingi kila mmoja anajua kwamba upo. Mwovu tunayemzungumzia hasemi kwamba yeye ni adui. Hujitambulisha kama ndugu. Nimechagua basi kumwita mwovu, kwa sababu sifa hiyo imo ndani yake mwenyewe hata pale ambapo uhusiano unaonekana kuwa wa urafiki.

2. Mfano wa Vaas

Mfano ulio mashuhuri kuliko yote ni ule wa Vaas Montenegro, mtu wa mchezo uitwao Far Cry 3, uliotolewa na kampuni ya Ubisoft mwishoni mwa mwaka 2012. Mwigizaji wake alikuwa Michael Mando, raia wa Kanada, ambaye baadaye alijulikana kwa sehemu ya Nacho Varga katika tamthilia ya televisheni Better Call Saul. Watengenezaji wa mchezo walikuwa wamekwisha kuwaza mwovu mwingine kabisa: pande la mtu, mwenye kichwa cha upara, asiyesema sana. Mando alipokuja kujaribiwa alionyesha kinyume cha hayo, naye Vaas akabuniwa upya kwa sura na sauti yake. Badala ya kupata jitu lililo kimya, mchezo ukapata kijana mwembamba msemaji, acheka katikati ya hasira na kukasirika katikati ya kicheko.

Namna ya kufanya kazi hiyo yastahili kuelezwa. Mwigizaji huvaa nguo ya kubana iliyowekwa alama nyingi, na kichwani hufungwa kamera ndogo inayotazama uso wake, ili kila mwendo wa mwili na wa nyusi uingizwe katika kompyuta. Hapana mavazi ya kumsaidia, wala pazia, wala watazamaji. Tena katika mchezo wa jinsi hii mchezaji huona mambo kwa macho ya shujaa mwenyewe, kana kwamba macho hayo ni yake. Hivyo mwovu hasemi na mtu wa tatu jukwaani, anasema nasi. Mwanzoni mwa mchezo, mchezaji yumo ndani ya tundu la mianzi, amefungwa mikono pamoja na ndugu yake, naye Vaas yuko nje akiongea naye. Mchezaji hana uwezo wa kujibu hata neno moja.

Hapo ndipo kitenzi chetu cha kucheza kinapotusaidia kuona jambo. Kucheza ni kazi ya mchezaji. Kuchezea ni kazi ya mwovu. Kwa muda ule wote wa kufungwa, mchezaji hachezi, bali anachezewa. Mwigizaji hana budi kuujaza muda huo kwa maneno yatakayomfanya mtu aliyenunua mchezo akubali kuchezewa, na hata atamani kurudiwa. Vaas huuawa karibu na katikati ya mchezo, wala si yeye mkubwa wa waovu wote waliomo. Hata hivyo picha yake ndiyo iliyowekwa juu ya kasha. Michezo iliyofuata katika mfululizo huo ikashika desturi ile ile: mwaka 2014 picha ya mwovu Pagan Min, aliyeigizwa na Troy Baker, mwaka 2018 Joseph Seed wa Greg Bryk, na mwaka 2021 Antón Castillo wa Giancarlo Esposito.

3. Zimwi na mchumba

Mtu akiulizwa jinsi Kiswahili kinavyomtaja mwovu, jibu la haraka ni kwamba kinamkuza. Kiambishi cha ukubwa kipo tayari: mtu huwa jitu, nyoka huwa joka. Msikilizaji akisikia umbo hilo la neno amekwisha kuonywa. Watafsiri wengi wa sinema katika vibanda wamefuata njia hiyo kwa sauti. Mwovu hupewa ngurumo ya koo. Kazi ya watafsiri hao ni kubwa, na jina la marehemu Kapteni Derek Mukandala wa Dar es Salaam, aliyejulikana zaidi kama Lufufu, halitasahauliwa na waliosikia jinsi mtu mmoja alivyoweza kuwa watu wote wa sinema. Lakini ngurumo haimfai Vaas.

Ngano zetu zina mfano mwingine ulio karibu zaidi naye. Katika nchi nyingi za Afrika ya Mashariki husimuliwa habari za msichana aliyewakataa wachumba wote wa kijijini, akampenda mgeni mzuri aliyevaa vizuri, na baada ya arusi akagundua kwamba ni zimwi. Zimwi hilo halingurumi. Linaamkia wazee, linatoa mahari, linasifu chakula. Ubaya wake umo katika adabu yake.

4. Wageni watatu wa Ufipa

Mimi ni mwenyeji wa Kate, kijiji cha Wilaya ya Nkasi, kaskazini ya Sumbawanga, na ni katika masimulizi ya kwetu ninapoona jambo hili waziwazi. Roy Willis, aliyefanya uchunguzi Ufipa katika miaka ya 1960 na kutoa kitabu juu ya masimulizi ya Wafipa mwaka 1978, ameandika pia hadithi ya asili ya utawala wa Watwa. Kwa ufupi, mtawala wa Milansi, Ntatakwa, alikwenda kuwinda, akamwonya mkewe kwamba wageni wakija wasipewe kiti chake. Wakaja wanawake watatu kutoka mbali. Mke akawatolea kiti, na mkubwa wao akakikalia. Mume aliporudi, nchi ilikuwa imekwisha kubadilika mkono, ingawa yeye aliachiwa Milansi na heshima ya kale.

Mwalimu wa maigizo akiitazama hadithi hii ataona kwamba sehemu iliyo ngumu ni ya yule mgeni mkubwa. Akiingia kwa ukali, mke atakumbuka onyo la mumewe. Ni lazima aingie amechoka, aombe kwa upole, na afanye kutoa kiti kuwe tendo la heshima. Mke hashindwi kwa ujinga. Anashindwa kwa sababu amelelewa vema. Wala nisieleweke kwamba nawahukumu Watwa kuwa waovu. Natazama tu ufundi wa yule aingiaye nyumbani mwa watu.

5. Jaribio la Kate

Nilipata kuigiza sehemu ya mwovu wa namna ya Vaas katika kibanda kimoja cha Kate. Kijana mmoja alikuwa na mashine ya michezo iliyounganishwa na televisheni. Tulipunguza sauti ya Kiingereza, nami nikasema kwa Kiswahili maneno niliyoyatunga mwenyewe. Kwa kuwa mchezo huo ni wa watu wazima, tuliwakataza watoto wasiingie.

Mara ya kwanza nilitumia sauti nzito na amri tupu: "Keti! Nyamaza!" Watazamaji wakacheka. Mara ya pili nikasema, "Keti, ndugu yangu." Kicheko kikapungua. Mara ya tatu nikashusha sauti, nikatumia namna ya kuomba: "Naomba uketi, mdogo wangu, umetoka mbali." Kukawa kimya. Sababu yake ni ya sarufi na ya desturi pamoja. Amri humpa mtu nafasi ya kuikataa. Ombi lenye jina la undugu ndani yake halikataliwi hivi hivi, maana anayelikataa ndiye anayeonekana amevunja adabu.

Ndipo likanijia jambo ambalo sikulipanga. Mchezaji yumo tunduni, hawezi kusema. Mimi ni mtu wa makamo, na yeye anachezwa na kijana wa miaka ipatayo ishirini. Nikakitazama kioo, nikanyamaza kidogo, kisha nikasema taratibu: "Marahaba, mwanangu."

Hakuna aliyekuwa ameniamkia. Lakini jibu hilo haliji pasipo shikamoo kutangulia, na kwa kulitoa nilikuwa nimemtwika deni. Yule kijana aliyeshika vitufe alisema kwa sauti ndogo, "Shikamoo." Wenzake walimgeukia. Hakuna aliyecheka.

Mzee mmoja aliyesimama mlangoni aliniambia baadaye, "Yule wa kwanza alikuwa mbwa. Huyu wa mwisho ni mgeni." Sijapata maelezo bora kuliko hayo juu ya tofauti ya mwovu wa kutisha na mwovu wa kuvutia.

6. Gharama ya kazi hii

Siku chache baadaye nilikutana na kijana yule njiani. Zamani aliniamkia kutoka mbali. Siku hiyo alisita, akanitazama, ndipo akasema shikamoo. Nami nikaona kwamba hata kuitikia kumenilemea. Nilikuwa nimeazima salamu ya watu wote, nikaitumia kama kamba. Haidhuru ilikuwa ni mchezo. Salamu ilikuwa ya kweli.

Jambo hili limenifundisha kuwaheshimu watambaji wetu kuliko zamani. Mtambaji huanza kwa "Paukwa!" nasi huitika "Pakawa!", na mwishoni husema kwamba hadithi yake imekwisha. Kati ya maneno hayo ana ruhusa ya kuwa zimwi. Nje yake ni bibi au babu wa mtu. Mchezo wa kompyuta hauna maneno ya kufunga. Mchezaji huuzima apendapo na kuuwasha tena usiku wa manane, na mwigizaji yumo mle mle, anangoja. Mando mwenyewe alirudishwa mwaka 2021 kuwa Vaas tena, miaka 9 baada ya mwovu huyo kuuawa mchezoni.

Isidhaniwe kwamba nashauri kazi hii iachwe. Mji wetu mkubwa wa Sumbawanga hufasiriwa jina lake kuwa ni kutupa uchawi, na mtu hawezi kutupa asichokiona. Mwigizaji anayeonyesha jinsi adabu inavyoweza kugeuzwa mtego anawafundisha watu kuutambua mtego. Msemo wetu usemao kwamba kikulacho ki nguoni mwako hausemi nguo zivuliwe, wasema zitazamwe.

Tena nafasi ya Kiswahili katika kazi hizi imekwisha kufunguka. Mwaka 2024 Abubakar Salim, mwigizaji wa Uingereza mwenye asili ya Kenya, aliyetoa sauti ya Bayek katika Assassin's Creed Origins mwaka 2017, alitoa pamoja na wenzake mchezo uitwao Tales of Kenzera: Zau, alioutunga kutokana na msiba wa baba yake. Mchezo huo waweza kusikilizwa kwa Kiswahili. Ndani yake yumo Kalunga, mungu wa mauti; naye si mwovu, bali humwongoza kijana katika majonzi yake. Watakaofuata watataka waovu pia, na watauliza waovu hao waseme Kiswahili gani.

Ushauri wangu kwa watafsiri na waigizaji ni huu: waache ngurumo, watafute adabu, wachunguze maneno ya undugu, namna ya kuomba, na salamu pamoja na majibu yake. Na mwigizaji, akimaliza kazi, aseme kwa kinywa chake mbele ya waliomsikia kwamba hadithi imekwisha. Mimi sikusema hivyo katika kibanda cha Kate. Nilisema baadaye, njiani, kwa kijana mmoja tu. Naye akacheka kidogo, akaniamkia mara ya pili.

Nawaomba wasomaji wa jarida hili walio na maneno ya sehemu zao kwa mtu wa namna hii, yule mbaya apendwaye, wayakusanye pamoja na mifano ya matumizi yake, ili siku moja tusiwe na haja ya kumwita adui yule ambaye sote tulimkaribisha na kumpa kiti.