WASTANI WA MAJI UNAPATIKANAJE?

Ndugu wakazi, mara nyingi mnasikia mkutanoni kwamba kila mtu kambini amepata lita kadhaa za maji kwa siku. Wengine huuliza: "Mbona zoni yetu hatuzioni lita hizo?" Ni vizuri kujua hesabu hii inavyofanywa.

Fomu za mabomba huingizwa kwenye kompyuta. Kompyuta huzipanga kwa zoni na kujumlisha lita za kila zoni. Hiyo ni jumla ndogo. Jumla ndogo zote zikiunganishwa tunapata jumla kuu, ambayo hugawanywa kwa idadi ya watu.

Tuchukue mfano. Zoni ya 1 ina watu 1,000 na imepata lita 25,000 kwa siku: kila mtu lita 25. Zoni ya 2 ina watu 4,000 na imepata lita 40,000: kila mtu lita 10. Ukijumlisha 25 na 10 ukagawanya kwa 2, utapata lita 17 na nusu. Hesabu hiyo si sahihi, kwa sababu zoni hizi hazina watu sawa. Njia sahihi ni kugawanya lita zote 65,000 kwa watu wote 5,000. Jibu ni lita 13.

Kiwango cha chini cha Sphere, kinachofuatwa na mashirika ya misaada, ni lita 15 kwa mtu kwa siku. Hesabu ya kwanza inaonyesha tumevuka kiwango. Ya pili inaonyesha hatujafika. Tena hata hizo lita 13 zinaficha shida ya zoni ya 2. Kwa hiyo ripoti ionyeshe pia kila zoni peke yake. Maji yakipungua, usafi hupungua, na magonjwa ya kuhara na upele huongezeka.

Wasimamizi wa mabomba, siku bomba lisipotoa maji andikeni 0. Msiache wazi, kwa sababu kompyuta huruka nafasi iliyo wazi inapotafuta wastani. Bomba likitoa lita 700 kila siku kwa siku 5, na kukauka siku 2, wastani wa wiki ni lita 500. Mkiacha wazi, kompyuta itasema 700.

Nanyi wakazi wote, toeni taarifa za waliozaliwa, waliofariki, waliohama na waliofika. Idadi ya watu ikikosewa, wastani nao umekosewa. Na ripoti ikisomwa, ulizeni: "Zoni yetu peke yake imepata lita ngapi?"