Feri ya Likoni Iwe Mikononi mwa Nani?

Wasomaji wetu kadhaa wametuuliza: si afadhali feri ipewe kampuni binafsi, maana hii ya serikali kila siku ni kusubiri? Swali ni la haki.

Tuanze na duka. Mwenye duka akipandisha bei ya unga, mama huenda duka la pili. Pale kivukoni duka la pili liko wapi? Barabara ya Dongo Kundu ipo, lakini hiyo ni ya mwenye gari au mwenye nauli. Kibarua wa Likoni aendaye Shimanzi hana pengine pa kupita.

Mpaka leo mtu wa miguu havuki kwa pesa. Gari ndilo hulipa. Kampuni itafutayo faida itamfanyia nini huyu asiyelipa? Itamweka nyuma ya magari, ama itamtoza. Tuseme shilingi 20 tu kwenda na 20 kurudi: kwa siku 26 za kazi ni shilingi 1,040. Hiyo ni unga wa watoto.

Lakini tusidanganyane. Feri ya Mtongwe iliyopinduka tarehe 29 Aprili 1994, wakafa watu 272, ilikuwa ya shirika la umma. Ilipaswa kubeba watu 300, ikabeba zaidi ya 400. Basi kusema "iwe ya serikali" hakutoshi. Lazima tuiulize, na mbunge wetu aulize Bungeni. Kampuni ukiiuliza, itakuonyesha mkataba.

Kufagia, vyoo, hata kutengeneza injini, kampuni ikipewa hatuna neno. Nauli ya mtu wa miguu, na idadi ya wanaoruhusiwa kupanda, hizo zibaki kwa serikali.