Peintiboli: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kulipa

Peintiboli ni mchezo wa timu ambamo wachezaji hulengana kwa bunduki zinazoendeshwa na gesi iliyoshindiliwa. Bunduki hurusha tufe la jelatini, lenye kipenyo cha milimita 17 hivi, ambalo hupasuka na kuacha doa la rangi inayooshwa kwa maji. Aliyepatwa na rangi hutoka mchezoni.

Tufe hilo likigonga mwili huacha alama na maumivu ya muda. Likigonga jicho huweza kulipofusha. Kabla ya kulipa, mteja anashauriwa kuhakikisha kwamba:

• kinyago ni cha peintiboli, kinamkaa barabara na kioo chake hakina ufa; miwani ya kawaida haitoshi;
• kasi ya bunduki imepimwa siku hiyo; kikomo cha kawaida ni takriban mita 90 kwa sekunde;
• bei inataja idadi ya matufe, kwani ya ziada huweza kutozwa kando;
• ameisoma na kuielewa hati ya kukubali hatari kabla ya kutia saini.

Majeraha mengi ya macho huwapata waliovua kinyago. Kikiingia ukungu, usikivue uwanjani: toka kwanza hadi eneo salama, ambako mitutu yote imefunikwa.